Kizuizi Kati ya Wapendanao: Je, Komedia za Mapenzi Bado Zina la Kutufundisha?

Zipo sanaa ambazo wasomi huzitazama usiku na kuzibeza mchana. Komedia ya mapenzi ni mojawapo. Mhadhiri anayesimama mbele ya darasa kueleza vita, njaa au katiba haulizwi uhalali wa mada yake. Anayesimama kueleza filamu ambamo mwanamume na mwanamke wanagombana kwa saa moja na nusu kisha wanaoana, ataulizwa kama amekosa kazi ya kufanya. Dharau hiyo ina sababu. Filamu hizi hupita njia ileile, mwisho wake hujulikana tangu bango linapobandikwa ukutani, na nyingi kati ya zilizotengenezwa katika miaka 30 iliyopita ni nyepesi kiasi cha kusahaulika kabla mtazamaji hajafika nyumbani. Kwa hiyo swali ni halali: je, sanaa hii bado ina jambo la maana la kutuambia kuhusu tabia ya binadamu, au imebaki kuwa peremende ya kumpoza mtu aliyechoka?

Jibu langu ni kwamba bado inalo, ila tumezoea kulitafuta mahali pasipo lenyewe. Wengi huipima komedia ya mapenzi kwa mwisho wake, yaani harusi au busu, na kwa kuwa mwisho haubadiliki, huamua kwamba haina jipya. Mwanahistoria anapaswa kuipima kwa kizuizi chake. Kila hadithi ya aina hii hulazimika kujibu swali moja kabla ya mengine yote: ni nini kinachowazuia hawa wawili wasiwe pamoja tangu siku ya kwanza? Jibu hubadilika kutoka zama moja hadi nyingine. Ukilifuatilia, utaona nani alikuwa na mamlaka juu ya maisha ya watu, watu waliogopa nini, na walijidanganya kwa namna gani. Tabia ya binadamu haionekani vizuri ikiwa imetulia. Huonekana inapobanwa, na kizuizi ndicho kinachoibana.

Tuanzie mbali. Mwaka 316 kabla ya Kristo, mjini Athens, mtunzi Menander alishinda tuzo kwa mchezo wake wa Dyskolos, jina linaloweza kufasiriwa kuwa Mzee Mwenye Kisirani. Mchezo huo ulipotea kwa karne nyingi hadi ulipopatikana katika mafunjo kutoka Misri na kuchapishwa mwaka 1958. Kisa chake kingeweza kuigizwa leo bila marekebisho makubwa. Sostratos, kijana wa familia ya kitajiri, anampenda binti wa Knemon, mkulima anayechukia watu wote. Kijana anashika jembe ili aonekane mtu wa kazi. Mzee anatumbukia kisimani, anaokolewa na Gorgias, mtoto wake wa kambo, na hapo anakiri kwamba hakuna mtu awezaye kuishi bila wenzake. Ndoa inaruhusiwa. Kizuizi ni baba, na nyuma ya baba kuna pengo la mali kati ya mjini na shamba. Lakini jambo linalopaswa kumshtua msomaji wa leo ni jingine: katika mchezo mzima, binti huyo hana jina. Kila mtu anamjadili, hakuna anayemuuliza.

Karibu miaka 1,900 baadaye, Shakespeare anatuletea Portia, ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamfahamu kupitia tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere, Mabepari wa Venisi, iliyochapishwa mwaka 1969. Tumezoea kuukumbuka mchezo huo kwa Shailoki na ratili yake ya nyama, na jina alilolichagua Mwalimu linatuelekeza tusome habari za fedha. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mchezo ni komedia ya mapenzi, na kizuizi chake ni cha ajabu. Portia ni tajiri, ana akili kuliko kila mwanamume anayemzunguka, lakini hana ruhusa ya kumchagua wala kumkataa mchumba. Marehemu baba yake ameacha wosia wa makasha matatu, la dhahabu, la fedha na la risasi. Atakayechagua kasha sahihi ndiye mume. Baba amekwisha kufa, na bado anaoza. Bassanio naye anakwenda Belmont akiwa na madeni shingoni. Kwa hiyo jina la Mwalimu linaangaza hata upande huu wa mchezo: mapenzi yenyewe yamesimama juu ya daftari la hesabu. Kati ya binti asiye na jina wa Menander na Portia anayevaa joho la mwanasheria na kushinda kesi, mwanamke amepata jina na sauti. Uhuru wa kuchagua bado uko mikononi mwa kaburi.

Filamu ilipozaliwa, ilirithi mali hii yote. Lakini kazi iliyoweka msingi wa komedia ya mapenzi ya Hollywood ilitoka mwaka 1934, wakati ambapo Marekani haikuwa na sababu nyingi za kucheka. Mwaka uliotangulia, takriban mfanyakazi mmoja kati ya wanne nchini humo hakuwa na ajira. Katika hali hiyo Frank Capra alitengeneza It Happened One Night. Ellie, binti wa tajiri mkubwa, anamtoroka baba yake na kupanda basi kutoka Miami kwenda New York. Ndani ya basi anakutana na Peter, mwandishi wa habari aliyefukuzwa kazi. Mwanamke huyu amepata kila kitu maishani bila kupanga foleni. Sasa inabidi apange foleni ya kuoga pamoja na wasafiri wengine. Njiani tunamwona mtoto akilia kwa kuwa mama yake amezirai kwa njaa. Hili limo ndani ya filamu ya vichekesho. Filamu hiyo ilichukua tuzo zote tano kubwa za Oscar: ya filamu bora, mwongozaji, mwigizaji wa kiume, mwigizaji wa kike na mswada.

Kizuizi hapa ni tabaka. Usiku, katika chumba cha kupanga, Peter anatundika blanketi kwenye kamba katikati ya vitanda viwili. Blanketi hilo linalinda heshima, lakini pia ni picha ya jamii iliyogawanyika: mwenye nacho upande huu, asiye nacho upande ule, na kinachowatenganisha ni kitambaa tu. Mwishoni, baba yake Ellie ametangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayempata binti yake. Peter anakwenda kudai dola 39 na senti 60, gharama alizotumia njiani, na kukataa zaidi ya hizo. Kwa hesabu hiyo ndogo filamu inasema jambo kubwa kuhusu binadamu: mtu anapotaka kujua kama anapendwa kweli, hutazama mwenzake anakataa nini. Wasia wa wahenga kuhusu mkono mtupu usiolambwa unaeleza upande mmoja wa tabia yetu. Capra alionyesha upande wa pili, na watazamaji waliokuwa na njaa walimwelewa.

Mwaka huohuo wa 1934, studio za Marekani zilianza kutekeleza kwa ukali mwongozo wa maadili uliojulikana kwa jina la Will Hays. Mwongozo huo ulibana maonyesho ya ngono na uzinzi, na kwa miaka mingi ulikataza kuonyesha mapenzi kati ya Mzungu na Mweusi. Waandishi wa komedia waligundua njia ya kupita. Ikiwa hawaruhusiwi kuonyesha watu wasiooana wakiishi kama wanandoa, basi wangeonyesha wanandoa walioachana. Katika The Awful Truth ya mwaka 1937 na His Girl Friday ya mwaka 1940, mke na mume wametalikiana, na filamu nzima ni safari ya kurudiana. Mwanafalsafa Stanley Cavell wa Chuo Kikuu cha Harvard alizichambua filamu saba za mkondo huu, zilizotengenezwa kati ya 1934 na 1949, katika kitabu chake Pursuits of Happiness cha mwaka 1981. Hoja yake ya msingi ni kwamba filamu hizi zilibadilisha swali. Komedia ya zamani iliuliza kama vijana wataruhusiwa kuoana; hizi ziliuliza kama watu waliokwisha kuoana wanaweza kubaki pamoja kwa hiari, bila kushikiliwa na sheria, watoto au mali.

Kiswahili kina neno moja, kurudiana, ambalo limebeba hekima hiyo. Anayeoa mara ya kwanza anaweza kuwa anaoa picha aliyoichora kichwani. Anayerudiana anamwoa mtu anayemfahamu, pamoja na kasoro zake, naye anajua kwamba yeye mwenyewe amefahamika. Mfano mzuri ni Adam's Rib ya mwaka 1949. Mume ni mwendesha mashtaka, mke ni wakili wa utetezi, nao wanakutana mahakamani katika kesi ya mwanamke aliyemfyatulia risasi mumewe aliyemfumania na mwanamke mwingine. Mchana wanabishana kama sheria inawahukumu wanaume na wanawake kwa kipimo kimoja. Jioni wanarudi nyumbani kula chakula kutoka jiko moja. Mwanaharakati anayetetea usawa hadharani na kuamrisha nyumbani atakutana na sura yake katika filamu hiyo, na atacheka kabla hajatambua kwamba anajicheka.

Mwaka 1960 kizuizi kilihamia ofisini. The Apartment ya Billy Wilder ilishinda tuzo ya filamu bora, nami huwashauri wanafunzi wa utawala waitazame kabla ya kusoma nadharia yoyote ya urasimu. Baxter ni karani wa kampuni ya bima jijini New York yenye wafanyakazi 31,259. Amegundua njia ya kupanda cheo: anawaazima wakubwa wake ufunguo wa nyumba yake ili wakutane humo na wanawake wa nje. Anasimama barabarani kwenye baridi akisubiri bosi amalize. Anampenda Fran, mwendesha lifti, bila kujua kwamba Fran ndiye anayeletwa nyumbani kwake na Sheldrake, mkubwa wa idara ya wafanyakazi. Usiku wa kuamkia Krismasi, Fran anajaribu kujiua kwa vidonge katika nyumba hiyohiyo.

Hakuna baba katili hapa, wala wosia. Kizuizi ni cheo, na Baxter mwenyewe amekishikilia kwa mikono miwili. Kila alipopanda ngazi moja, alikuwa ameuza kipande cha nyumba yake na cha utu wake. Filamu inafikia kilele bosi anapodai ufunguo kwa mara nyingine, na Baxter anamkabidhi ufunguo wa choo cha wakubwa, alama ya cheo chake kipya, kisha anaondoka kazini. Mtumishi wa umma anayesoma makala haya anajua kwamba funguo za namna hiyo zipo katika ofisi nyingi, ingawa hazifungui milango ya nyumba: saini inayotolewa bila kusoma, safari inayolipiwa bila kufanyika, binti wa mafunzo kazini anayeitwa ofisini baada ya saa za kazi huku wenzake wakitazama pembeni. Wilder alielewa kwamba rushwa huanza kama fadhila ndogo kwa mkubwa, na kwamba anayeitoa hujiona mwema. Sijasoma maelezo ya tabia hiyo yaliyo sahihi kuliko hayo, na yamo katika filamu ya kuchekesha.

Ipo aina ya kizuizi ambayo Hollywood iliiogopa kwa muda mrefu, nayo ni rangi ya ngozi. Mwaka 1958, Richard na Mildred Loving, mwanamume Mzungu na mwanamke Mweusi, walioana Washington. Waliporudi kwao Virginia, askari waliwakamata usiku chumbani mwao. Kesi yao ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo tarehe 12 Juni 1967 ilibatilisha sheria za kukataza ndoa za namna hiyo, zilizokuwa bado zipo katika majimbo 16. Desemba mwaka huohuo ilitoka Guess Who's Coming to Dinner, ambamo Sidney Poitier ni daktari Mweusi anayetaka kumwoa binti wa Kizungu. Wazazi wa binti ni watu wa msimamo wa kimaendeleo. Wamemlea mtoto wao aamini kwamba binadamu wote ni sawa. Sasa usawa umebisha hodi mlangoni kwao, nao wanahangaika. Filamu ina udhaifu unaojulikana: daktari amepewa sifa nyingi mno, kana kwamba Mweusi lazima awe malaika ndipo astahili kuketi mezani. Hata hivyo ilikamata jambo la kweli: kuna umbali kati ya imani tunayoihubiri na imani tunayokubali itugharimu.

Pwani yetu ilikuwa na mjadala wake, nao pia ulipitia kwenye kumbi za sinema. Mwanahistoria Laura Fair ameandika kwa kina namna watazamaji wa Zanzibar katika miaka ya 1950 na 1960 walivyozitumia filamu za Kihindi kujadili mapenzi na ndoa. Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, iliyochanganya kilio na kicheko, ilipendwa sana. Ndani yake kijana aliyekulia mtaa wa mafukara anampenda mwanasheria Rita, na anayewazuia ni hakimu anayeamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi. Vijana na wazee wa Unguja waliitazama filamu hiyo pamoja, kisha wakarudi nyumbani kujadiliana: mtu aoe kwa moyo wake au kwa shauri la wazazi? Nasaba inahukumu? Hakuna serikali wala chama kilichowaitia mkutano. Filamu iliwapa lugha ya kulizungumza jambo ambalo adabu iliwazuia kulitaja kwa majina ya watu wa mtaani kwao.

Kisha ukaja mwaka 1970. Katika Zanzibar hiyohiyo, wasichana wanne wenye asili ya Kiajemi waliozeshwa kwa nguvu wanaume wenye madaraka. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuvunja ubaguzi wa rangi katika ndoa. Ubaguzi ulikuwapo, na hakuna haja ya kuukana. Lakini tazama kilichofanyika: serikali ilitambua kizuizi cha kweli, ikakivunja kwa kuondoa ridhaa ya mtu ambaye kizuizi kilimhusu. Virginia ilisema hawa wawili wasioane hata kama wanataka. Zanzibar ilisema hawa waoane hata kama hawataki. Katika nchi zote mbili, dola iliingia chumbani na kujifanya mshenga. Hapo ndipo ninapoona thamani ya sanaa hii inayodharauliwa. Sharti lake la kwanza, ambalo hata filamu hafifu haiwezi kuliacha, ni kwamba mwanamke anaweza kusema hapana. Bila uwezekano huo hakuna kichekesho, kwa sababu hakuna mashaka. Na bila mashaka, ndiyo ya mwisho haina uzito. Binti wa Menander hakuwa na jina. Wasichana wa 1970 walikuwa na majina, na majina hayo hayakuwasaidia.

Turudi Hollywood, maana huko ndiko sanaa hii ilikoanza kuzeeka. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980, vizuizi vingi vya nje vilikuwa vimeondoka, angalau kwa watu wa tabaka la kati la mijini waliojaa kwenye filamu hizo. Baba hakuwa na kauli, talaka ilikuwa rahisi, na sheria za rangi zilikuwa zimefutwa. When Harry Met Sally ya mwaka 1989, iliyoandikwa na Nora Ephron, inawafuata watu wawili kwa zaidi ya miaka kumi, na hakuna mtu yeyote anayewazuia. Wanajizuia wenyewe, kwa hofu ya kupoteza urafiki, kwa kiburi, na kwa mazoea ya kujihami. Katikati ya hadithi Ephron na mwongozaji Rob Reiner wameweka wazee wanaosimulia walivyokutana, akiwamo mmoja ambaye ndoa yake ilipangwa. Ni ukumbusho wa upole kwamba vijana hawa walio huru wamehitaji miaka mingi kufika mahali ambapo wazee wengine walifikishwa kwa siku moja. Uhuru una uzito wake, na filamu hiyo iliupima kwa haki.

Mwaka uliofuata ikaja Pretty Woman, na hapa mkondo ukageuka. Mswada wa kwanza ulikuwa hadithi chungu kuhusu mwanamke anayeuza mwili na tajiri anayemkodi kwa wiki, wakaachana mwishoni bila matumaini. Studio iliugeuza kuwa hadithi ya binti fukara anayeokolewa na mwana wa mfalme, na filamu ikaingiza zaidi ya dola milioni 400 duniani. Tajiri huyo hununua makampuni yanayoyumba na kuyauza vipandevipande. Umaskini wa mwanamke na kazi ya mwanamume ni vizuizi vya kweli kabisa, na filamu inaviondoa kwa nguo mpya kutoka duka la bei ghali. Tofauti na Peter wa 1934 aliyekataa maelfu ya dola, hapa fedha ndiyo inayotatua. Sanaa ikaacha kukichunguza kizuizi na kuanza kukipaka rangi. Filamu nyingi za miaka iliyofuata zilibuni vizuizi vya kitoto: dau la marafiki, barua iliyopotea, uongo ambao sentensi moja ingeumaliza. Kizuizi kinapokuwa cha uongo, tabia ya watu nayo huwa ya uongo. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo sababu kubwa ya watu wenye fikra kuacha kuziamini.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kusema kwamba filamu hizi zina madhara. Zimewafundisha wanaume kwamba mwanamke anayesema hapana anasubiri kubembelezwa zaidi, na kwamba kumfuata mtu hadi kazini kwake na kupiga magoti mbele ya umati ni ishara ya mapenzi. Shutuma hii ni nzito, na ina ukweli. Katika maisha, mtu anayekataliwa na kuendelea kufuata huitwa msumbufu, na wakati mwingine huwa hatari. Lakini shutuma hiyo inathibitisha hoja ninayoijenga. Filamu zinazofanya hivyo zimevunja sharti la sanaa yenyewe. Zimelichukulia neno hapana kuwa mlango mbovu unaohitaji kusukumwa. Filamu bora za mkondo huu hufanya kinyume. Baxter hamlazimishi Fran kitu chochote. Anacheza naye karata, anampikia tambi na kumchuja kwa raketi ya tenisi, na kumsubiri aamue.

Je, leo hali ikoje? Katika muongo wa 2010 studio kubwa ziliziacha komedia za mapenzi kwa kiasi kikubwa, na nyingi zikahamia kwenye majukwaa ya mtandaoni. Wengi wakatangaza kifo chake. Ninavyoona, sanaa hii ilikuwa ikitafuta vizuizi vya kweli, na ilivipata pale ambapo Hollywood haikuzoea kutazama. The Big Sick ya mwaka 2017 ilitokana na maisha ya waandishi wake, Kumail Nanjiani na Emily Gordon. Kijana wa familia ya Kiislamu iliyohamia Marekani kutoka Pakistan anamficha mpenzi wake Mzungu. Mama yake anamletea wachumba nyumbani kila wiki, kana kwamba wamepita njia kwa bahati. Naye anazihifadhi picha zao ndani ya kisanduku. Wazazi hawa si wakatili. Waliacha kila kitu ili mwana wao apate maisha, na sasa maisha hayo yanawapokonya mwana. Mtazamaji wa Kiswahili mwenye ndugu Toronto, London au Muscat hahitaji kuelezwa uzito wa kisanduku hicho.

Mwaka mmoja kabla, Nigeria ilitoa The Wedding Party, iliyoongozwa na Kemi Adetiba, ikawa filamu ya nchi hiyo iliyoingiza fedha nyingi kuliko zote zilizoitangulia. Bibi harusi ni wa familia ya Kiyoruba, bwana harusi ni wa Kiigbo, na siku moja ya harusi jijini Lagos inatosha kufichua kila dharau ambayo familia mbili zilikuwa zimeifunika kwa vitambaa vya bei kubwa. Wakwe wanatabasamu mbele ya wageni huku kila upande ukiamini kwamba umejishusha. Nchi iliyopigana vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanzia 1967 hadi 1970, ambavyo ukabila ulikuwa miongoni mwa chanzo chake, ilijaza kumbi za sinema kujicheka kuhusu jambo hilohilo. Sidhani kwamba kicheko hicho kilikuwa chepesi.

Na fedha nayo imerudi. Materialists ya Celine Song, ya mwaka 2025, inamhusu mshenga wa kulipwa jijini New York ambaye wateja wake hutaja urefu, umri na kipato cha mtu wanayemtaka kama wanaoagiza gari. Yeye mwenyewe alimwacha mwanamume aliyempenda kwa kuwa walikuwa maskini. Baada ya miaka mingi ya nguo nzuri na nyumba zisizojulikana zilipiwaje, komedia ya mapenzi imekubali tena kulitaja jambo ambalo Menander alilijua: kwamba watu hufanya hesabu, kisha huona aibu kwa hesabu zao. Kodi ya nyumba, deni la masomo na ajira isiyo na uhakika ndivyo vizuizi vya kizazi hiki. Wanafunzi wangu wanaoahirisha ndoa hawana baba katili. Wana mahari isiyolipika na mkataba wa miezi sita.

Kwa hiyo naishia kwenye kipimo, ambacho msomaji anaweza kukitumia mwenyewe. Unapotazama filamu ya namna hii, uliza nini kinawazuia hawa wawili. Ikiwa jibu ni bahati mbaya inayoweza kumalizwa kwa simu moja, zima na ulale. Ikiwa jibu ni mali, cheo, ukoo, dini, sheria, au hofu iliyojificha moyoni, basi keti utazame, maana mbele yako kuna uchunguzi wa jamii uliofichwa ndani ya kicheko. Uliza pia kama kila mmoja wao ana uwezo wa kusema hapana na akasikilizwa.

Swali hilo la pili lina makazi nje ya ukumbi wa sinema. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 ilidai ridhaa ya hiari ya wanaooana, na papo hapo ikaruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, huku mvulana akisubiri hadi 18. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alivipeleka vifungu hivyo Mahakama Kuu, ikaamua mwaka 2016 kwamba vinakiuka katiba. Serikali ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikaikataa rufaa hiyo mwaka 2019. Mabishano yaliyofuatia uamuzi huo yalijaa hoja za mila, za dini na za uchumi. Waliozungumza zaidi walikuwa wazazi, viongozi na wanasheria. Binti wa miaka 15 alijadiliwa na kila mtu, kama binti wa Knemon alivyojadiliwa na kila mtu jukwaani Athens. Sanaa hii ya vichekesho imetumia zaidi ya miaka 2,300 kumpa jina, kisha sauti, kisha haki ya kukataa. Mtumishi wa umma anayeandaa muswada, na mwanaharakati anayeupinga au kuutetea, wangefanya vyema kujua kwamba kazi hiyo ilifanywa, na kwamba watu waliicheka huku wakiielewa.